Udongo wa Kilima cha Mizinga

Mgeni rasmi, Bi. Felicitas, msimamizi wa mambo ya kale huko bandarini, mchungaji wetu, chifu, wazee, akina mama na vijana.

MAKARIBISHO

Karibu Kanyakine. Tumesikia kwamba jana ulipolala Nkubu uliomba blanketi la pili. Utusamehe kwa baridi hii. Baba zetu nao, walipokuwa kwenu, walilalamikia joto.

HISTORIA

Sisi ni watoto na wajukuu wa wanaume waliochukuliwa kutoka Meru na Embu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wakapelekwa pwani kujenga ngome ya mizinga juu ya kilima kilichotazama bandari. Walichimba mahandaki na ghala la baruti. Siku moja paa la handaki liliporomoka likawafunika. Hawakufukuliwa. Vita vilikuwa vinaendelea, na mlango ukazibwa kwa saruji.

Mmoja wao, M'Mukiri, alikuwa ameacha hapa mke na binti mchanga, Ntinyari. Kwetu, asiyerudi huzikiwa shina la mgomba lililofungwa blanketi, ili jamaa wapate pa kulilia. Shina hilo hukatwa juu ya mizizi. Lakini M'Mukiri alikuwa mrefu, na wazee walitaka shina lifikie kimo chake. Wakaling'oa pamoja na mizizi. Mvua iliponyesha, kaburi lilichipua.

Hatuwalaumu. Walitaka kumtendea haki.

Leo pale pana kichaka cha migomba. Ndizi zake huiva, zikaanguka, zikaoza, maana hakuna anayezila wala anayethubutu kuinua panga. Kichaka kimeenea hadi juu ya kaburi la mkewe.

TULIYOYAFANYA

Kila mwaka, kabla ya mvua za Oktoba, tunasoma majina yao kanisani. Mzee Ndambiri hutoka Embu kwa ajili hiyo, kwa kuwa babu yake alikuwa katika handaki lilelile.

Miaka michache iliyopita tuliwatuma yeye na Mama Ntinyari, yule binti wa M'Mukiri, hadi bandarini. Mlinzi wa lango aliwauliza wanamtafuta nani.

"Baba yangu," Mama akasema.

"Yuko kitengo gani?"

"Cha kuchimba."

"Ai, mama! Siku hizi hakuna kuchimba. Ni kreni tu."

Mama alicheka. Mzee Ndambiri hakucheka. Walirudi bila kuingia.

CHANGAMOTO

Kilima hakipo. Ofisi yako ilitueleza kwa upole kwamba kilisawazishwa, na udongo wake ukajaza sehemu ya bahari ili kupatikane uwanja wa makontena. Ngome, mahandaki, hata sakafu za mizinga, vyote vilikwenda. Kwa hiyo baba zetu wako chini ya makontena, au wako baharini. Hatujui. Tunadhani hata ninyi hamjui, na hatusemi hivyo kwa ubaya.

Tena muda umetuishia. Mama Ntinyari ndiye yule mwenye kitambaa cheupe, mstari wa mbele. Ametoka hospitalini juzi. Anataka kulazwa kati ya baba yake na mama yake, na pale pana migomba. Wazee wamesema itang'olewa siku tutakapoweka mahali pake udongo wa pale alipolala M'Mukiri.

OMBI

Tulikuwa tumeandika maombi mengi: mnara, ukuta wa majina, safari ya wanafunzi. Mama aliposomewa alisema, "Mnara utasubiri. Mimi siwezi." Tukayafuta. Limebaki moja: kopo la udongo kutoka ukingo wa uwanja ule.

Mwenzetu Mugambi alishauri tuchote udongo popote huko pwani, Mama asiambiwe. Alidhani amelala.

"Mugambi," Mama akamwita, "nani alikuambia macho yakizimika masikio nayo yanakwenda? Baba alizikwa kwa uongo mara moja, na uongo ule ukaota. Mwambieni mgeni: kama udongo upo, alete. Kama haupo, aniambie mwenyewe, nami mtanizika kando ya njia."

Mgeni rasmi, hilo ndilo ombi letu. Mama haoni vizuri tena. Ukimjibu, tafadhali mshike mkono kwanza.

Mungu akurudishe nyumbani salama, na awape pumziko wote waliobaki chini ya kazi ya mikono yao.

Imesomwa na Kirimi, katibu,
kwa niaba ya Kikundi cha Wazao wa Kilima cha Mizinga,
Kanyakine.