Fundi Penseli na Inchi Moja Iliyopungua

Fundi Penseli ametumikia karakana yetu ya milango miaka thelathini na minne na miezi miwili, na anastaafu tarehe thelathini mwezi huu wa sita. Miaka yote hiyo yeye alipima na kuchora, mimi nikakata. Meneja alitaka habari zake ziandikwe na karani. Nilikaa kwenye kiti cha karani mpaka wakabadili mawazo. Mwandiko wangu mbaya, lakini kabati la ofisi halina kumbukumbu kama zangu.

Alikuja hapa kijana mwembamba, sikio moja limebeba penseli nyeusi, la pili nyekundu. Anapima kwa tepu mara tatu, anachora kwa nyeusi, halafu akiridhika kabisa anaweka alama ya nyekundu. Bila nyekundu, msumeno haugusi ubao. Hata mimi, ninayekata mstari ukanyooka huku napiga chafya, nilingoja nyekundu kama wengine. Tumetoa milango zaidi ya elfu tisa na haukurudi hata mmoja.

Tabia hiyo aliipeleka mpaka nyumbani. Uchumba wake ulichukua miaka minne. Shemeji yetu anasema mwishoni alimwita pembeni akamwambia, mwenzangu, weka hiyo nyekundu yako au nipishe, kuna fundi bomba ananiulizia. Akaweka siku hiyo hiyo.

Kitanda cha harusi alikitengeneza mwenyewe, kwa urefu ulioandikwa kwenye kadi yake ya hospitali. Vidole vya miguu vikatokeza nje. Akaamini kwamba ndoa imemrefusha, na mpaka leo analala amejikunja.

Halafu akanunua kiwanja. Karatasi zilisema futi sitini. Yeye akapima mara tatu, akapata sitini na karibu nusu. Akajua amemega ardhi ya jirani. Kwa aibu akarudisha ua ndani, akamtengenezea jirani mlango wa jikoni bila malipo na bila kumwambia sababu. Miaka kumi na moja anamwamkia jirani yule ameinamisha kichwa. Jirani naye amepanda maua kwenye ile nusu futi.

Mwezi wa nne meneja akampa fomu yenye nafasi mbili: aongeze miaka miwili au astaafu. Bintiye wa mwisho, fundi wa makabati, alikuwa ameshaona chumba kinachotazama barabara, wafungue karakana yao, baba na mwana. Mwenye chumba alitaka jibu Ijumaa, maana muuza chakula cha kuku naye alikitaka. Binti akasema bila baba yake hawezi kuanza.

Basi mwenzetu akaanza kupima. Akazunguka mitaa miwili akihesabu milango iliyolegea, akiwauliza wenyewe wanadhani itaanguka lini. Mama mmoja alimfukuza na ufagio. Akamuuliza mkewe kama wateja watakuja. Shemeji akamjibu, baba watoto, hata wewe nilikuchukua hivyo hivyo, sikujua utafaa.

Alhamisi akaniambia haondoki, ataongeza miaka miwili, kwa sababu maishani mwake hajawahi kufanya jambo asilokuwa na uhakika nalo.

Hapo nikaona yatosha, nikamwambia. Mwaka wake wa tatu, alipokwenda kunywa chai, msumeno wangu uliramba mwanzo wa tepu yake, ukaondoka na inchi nzima. Kosa lilikuwa la ubao. Nikairudishia ile ndoano ya chuma ya mbele kwa ribiti, kazi safi, na kwa miaka thelathini na moja hakuna aliyegundua. Kila alichopima baada ya hapo kilikosea inchi moja.

Akachukua tepu, akailaza juu ya rula mpya ya meneja. Kumi na mbili ya tepu ikaangukia kumi na moja ya rula. Mimi nikasogeza nyundo mbali naye. Akaniuliza, na kitanda je? Nikamwambia ndiyo. Na ua? Nikamwambia na ua pia, maana tepu ni fupi, kila ulipoihamisha iliongeza inchi mpaka ikakaribia nusu futi. Akauliza kwa sauti ndogo kama milango ilifunga. Nikamwambia ilifunga yote, maana fremu nazo ulizipima kwa tepu hiyo hiyo, na mapengo ukutani waliziba waashi huku wakilaumiana wenyewe. Akakaa kwenye rundo la mbao, akacheka mpaka wapaka vanishi wakaja kuangalia nani amebanwa na mashine.

Ijumaa asubuhi akaenda ofisini, akatia alama kwenye kustaafu kwa penseli nyekundu, bila kusoma mara ya pili. Karani akasema penseli haikubaliki, alete kalamu. Ikabidi avuke uwanja mzima kuitafuta. Tulizima mashine zote tukamtazama, tukajua shaka zake zitamkamata njiani. Akachelewa dakika kumi. Kumbe alikuwa anampigia simu bintiye akilipie chumba. Aliporudi karani akamuuliza kama ana uhakika. Akajibu hana, hata kidogo, na akasaini.

Ndugu yangu Fundi Penseli, sisi wa msumeno, wa randa, wa vanishi na wa ofisini tunakushukuru kwa kazi yako. Afya iwe nawe na nyumba yako. Mnafungua Jumatatu, wateja wasipotokea wiki ya kwanza, tutakuja wote kusimama pale mbele, wapita njia wadhani kuna foleni.