Bwana Wekesa na Maksai wa Siku ya Harusi

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, Bwana Reuben Wekesa, Ofisa wa Programu za Jamii katika makumbusho na shamba letu hapa Lodwar, atastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi. Wasifu huu umeandikwa kwa niaba ya wafanyakazi wote. Uongozi umeusoma na kuukubali, isipokuwa aya moja ambayo imeondolewa.

Alifika kutoka Bungoma akiwa kijana mwenye viatu vinavyong'aa na mbegu za sukuma wiki mfukoni. Akapanda bustani nzuri kando ya boma la maonyesho. Ngamia wa shamba akaila yote mchana mmoja mbele ya wageni, nao wageni wakapiga makofi wakidhani ndiyo programu yenyewe. Bwana Wekesa hakuwasahihisha. Alimwingiza ngamia kwenye ratiba.

Ni yeye aliyeanzisha Jumamosi za shule, ambapo watoto hukamua mbuzi, husuka vikapu vya majani ya mkoma na kuwasha moto kwa vijiti. Ni yeye pia aliyewaalika akina mama wa kambi ya wakimbizi ya Kakuma waje na mawe yao ya kusagia mtama, kila mmoja kwa namna ya kwao. Ubishi kuhusu namna iliyo bora ulianza siku hiyo kwa lugha nne na bado unaendelea.

Hata hivyo, wengi wanamfahamu kwa Siku ya Harusi, onyesho la harusi ya Kiturkana kwa wageni na shule. Kikundi cha maigizo cha Kakuma kilikubali kutuletea bwana harusi, kijana aitwaye Ekaale. Bibi harusi alikuwa Akai, mjane kutoka Kerio aliyekuwa akifundisha watoto kukamua. Ofisi ilinunua maksai kwa ajili ya chakula cha wageni. Mvua ikanyesha, laga, ule mto mkavu wa mchanga, ikajaa maji, na gari la Ekaale likakwama ng'ambo. Wanafunzi wa shule tatu walikuwa na njaa. Mzee Esekon, mshauri wetu wa mila, akampa Bwana Wekesa mkuki. Bwana Wekesa akamchoma maksai. Kwa maelezo yake mwenyewe, alidhani anaharakisha chakula cha mchana.

Kwa Waturkana, mwanamume anayemchoma maksai wa harusi ameoa. Jioni akina mama walimsindikiza Akai kwa nyimbo hadi nyumba ya serikali alimokuwa akiishi Bwana Wekesa. Alieleza kwa heshima kwamba ule ulikuwa mfano tu. Mzee Esekon akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wekesa, maksai amekufa na sisi tumekula. Unataka tumtapike?"

Hapo ndipo tulipomjua mwenzetu. Angemrudisha Akai, angemfanya mwanamke aliyekataliwa mbele ya shule tatu. Angemweka, huenda angemfunga maishani kwa kosa la ratiba, na hakuna aliyekuwa amemuuliza. Basi alimwachia nyumba, akahamia katika kibanda cha boma la maonyesho, akasema atangoja Akai aamue mwenyewe. Alilala humo msimu mzima wa kiangazi. Jumamosi wanafunzi walimkuta amejilaza juu ya ngozi, na mwalimu mmoja aliwaeleza kwamba huyo ni mzee wa Kiturkana akipumzika baada ya malisho. Wanafunzi waliandika. Bwana Wekesa, ambaye ni Mbukusu, alifumba macho ili asiharibu somo.

Kisha, Jumamosi moja, Akai aliingia kibandani katikati ya somo, akiwa na birika la chai. Akasema, "Mimi niliambiwa nikae siku moja. Hizi zingine zote nimekaa kwa kupenda mwenyewe. Kuja nyumbani, watoto wanakuchungulia." Bwana Wekesa akaenda naye. Somo liliishia hapo, na mwalimu aliomba kurejeshewa kiingilio.

Tangu hapo Siku ya Harusi hufanyika bila maksai, na wanaoigiza ni watu waliokwisha kuoana.

Ilipogunduliwa wiki iliyopita kwamba programu ya ile Siku ya Harusi ya kwanza haikuwahi kufungwa rasmi, uongozi uliona ni vyema kumjulisha Mama Akai kwamba kuanzia Ijumaa hiyo hatakuwa na wajibu wowote wa maonyesho, na kwamba yuko huru kuondoka. Alisikiliza vizuri, akashukuru, akauliza kama kuna kamba. Kisha akaendelea kufunga mizigo ya Bwana Wekesa pamoja na yake. Wanahamia Kerio. Yeye ndiye aliyechagua kiwanja, na Bwana Wekesa anasema bado hajakiona.

Bwana Wekesa, asante kwa kazi yako na kwa uvumilivu wako. Wewe na Mama Akai, tunawatakia maisha mema, mbuzi wenye maziwa, na sukuma wiki mbali na ngamia yeyote.