Kisigino Haamki Tena Wateja Wakija

Pale konani, kati ya kinyozi na geti la mchomeleaji, pana benchi la ubao wa lori kuukuu, na mimi nakaa mwisho wake na birika langu la kahawa tangu benchi hilo lina miguu yake yote, kabla ya kutiwa tofali upande mmoja. Kusoma sijui. Lakini nani alikaa wapi na alisema nini, hilo niulizeni mimi. Upande wa pili ana kigoda chake Fundi viatu, na chini ya benchi, juu ya gunia, analala mbwa wake Kisigino. Jina alilipata angali mtoto, wiki aliyotafuna visigino vya viatu vya watu watatu. Sasa Fundi ana desturi yake: akimaliza viatu, kabla hajampa mwenyewe, hugonga soli kwa soli, pa, pa. Kisigino akisikia huamka, huenda kumkalia mteja juu ya mguu, na hatoki mpaka apapaswe kichwa. Wengine walikuwa wanaleta viatu vizima ili wakaliwe tu. Halafu mguu wake wa mbele ukavimba, ikaonekana saratani ya mfupa, na daktari wa mifugo akaukata wote mpaka begani. Siku ninayosimulia, jeraha lilikuwa limeshafunga na nyuzi zimetolewa. Kahawa yangu ilikuwa nzuri mno na hakuna aliyeisifu, nikajua pana jambo.

— Daktari anataka jibu leo kabla hajafunga, Fundi akasema. Alikuwa anapiga kisigino cha kiatu cha kike, haangalii mtu.

— Jibu gani tena? Si ameshakata mguu? Huyo ni Makadirio, mwashi. Hajawahi kushika futi maisha yake yote, na nyumba zake unaweza kuzijua kwa mbali.

— Mguu ameukata. Lakini anasema ugonjwa huu huwa unatanguliza watoto. Unakata mguu, kumbe watoto wameshafika mapafuni, wadogo, hata picha haiwaoni. Anataka kumtundikia dripu ya dawa. Kila baada ya wiki tatu, mara nne. Wanaiita kemo. Ya kwanza kesho asubuhi.

— Na asipotundikiwa?

— Miezi minne, mitano. Akitundikiwa, pengine mwaka. Pengine. Kupona haponi. Anasogezewa siku tu.

 Benchi letu halijui kunyamaza.

— Mimi nasema usimsumbue, Makadirio akaanza. Asiyekuwepo na lake halipo. Mguu haupo, na ugonjwa wake haupo.

— Hiyo methali haiendi hivyo, akasema Profesa. Profesa ni kinyozi, elimu yake yote inatoka kwenye simu, na akianza kusoma mteja hubaki amenyolewa nusu. Siku hiyo alikuwa ameacha mtu ndani na povu shavuni.

— Inaendaje?

— Sijui inavyoenda, lakini haiendi hivyo.

— Nisikilizeni mimi niliyebeba wagonjwa, akaingia King'ora. Huyu aliendesha gari la wagonjwa miaka miwili. Gari waliligawia mtu mwingine, sauti akabaki nayo. — Damu ni kama mafuta ya gari. Yakiingia taka, hubadilishi tairi. Unamwaga tangi lote, unasafisha. Dawa ya moto ni moto. Fundi, mtundikie.

— Ulimsafisha tangi nani wewe? Kazi yako ilikuwa kushika usukani.

— Nilikuwa nasikia madaktari wanavyoongea huko nyuma.

— Na kile king'ora chote, ulisikiaje?

Hapo tulicheka, hata Fundi. Lakini alicheka kwa mdomo tu. Nikammiminia kikombe cha pili kabla hajaomba.

Makadirio hakupenda kuachwa nyuma. Akavuta pumzi.

— Tatizo lenyewe hamlijui. Mwili wa mbwa umezoea njia nne. Ugonjwa ukishuka kwenda mguu wa nne unakuta njia imefungwa, unageuka, unarudi juu kwa hasira. Ndiyo maana unaingia mapafuni. Dawa ni moja. Fundi, mchongee mguu wa mti. Ugonjwa ukishuka ukute ubao. Uhangaike na ubao.

— Makadirio, nikamwita.

— Naam, Bibi.

— Kunywa kahawa.

— Nakunywa. Lakini ubao uwe mgumu.

Profesa yeye alikuwa amezama kwenye simu, akatoka na lake.

— Hapa wanasema mwaka mmoja wetu, kwa mbwa ni kama miaka saba. Ngoja. Kwa hiyo daktari hampi Kisigino mwaka. Anampa miaka saba. Nani hapa angeambiwa, mzee, shika miaka saba, aseme hapana, mimi ninywe kahawa tu nife?

Hilo likawaingia. Nikaona hata Makadirio anahesabu kwa vidole umri wake, anajumlisha. Fundi nyundo ikasimama hewani.

Ndipo King'ora, bila ubaya wowote, akaliharibu.

— Basi na siku moja ya kutapika kwake ni wiki.

Fundi akaiweka nyundo chini.

— Hilo, akasema. Hilo ndilo ninalosema. Mimi dawa hiyo naijua. Nimeshika beseni mimi. Lile la bluu, lenye ufa. Nilikaa nalo kitandani pa mke wangu, nikimaliza kulisafisha ananiita tena. Siku nilipomzika nililitupa jalalani, nikasema mikono hii haitashika beseni tena. Na mbwa huyu ni wa nani? Ni wake. Yeye ndiye aliyemchagua kwenye boksi akasema, huyu mwenye sikio limelala. Sasa niende nikamfanyie mbwa wake vilevile?

— Lakini si daktari alisema kwa mbwa si kama kwa watu? Profesa akauliza polepole. Wewe mwenyewe ulinidokezea jana.

— Alisema. Anasema dozi yao ndogo, wengi siku mbili tatu wanakataa chakula kidogo, wengine hata hiyo hapana. Ikizidi anaacha. Ananiambia, Fundi, wewe ndiye unayemjua. Tafuta kitu kimoja anachokipenda kuliko vyote. Akikiacha, utajua amechoka. Basi kitu chenyewe si mnakijua? Kuwakalia wateja. Na ameshakiacha. Tangu akatwe, mteja anakuja, anachukua kiatu, anaondoka, na Kisigino haamki. Anainua jicho tu, basi. Jibu si ndilo hilo?

Nilikuwa na neno langu kifuani miaka sita. Halikuwa la mbwa. Nikaona siku yake imefika.

— Mwanangu, nikamwambia, marehemu alikuwa anakuja hapa.

— Hapa wapi?

— Hapa benchini. Wakati wa dawa.

— Mama, mke wangu alikuwa kitandani.

— Siku za kwanza, ndiyo, za beseni. Siku ya tano, ya sita, anaweza kukaa. Wiki ya pili, wewe ukienda kununua soli, namwona huyo anakuja polepole, kitambaa kichwani, Kisigino nyuma yake na lile sikio lake. Anakaa hapo alipokaa Makadirio. Ananiambia, mama, nusu kikombe. Halafu anachukua kiatu mezani kwako, anauangalia mshono, anasema, huyu bwana siku hizi anashona kama anafukuzwa. Tunacheka mpaka anashika mbavu. Saa ya kurudi kwako ikikaribia, anaondoka.

Makadirio akasogea kidogo, kama aliyekalia kitu cha mtu.

— Hukuniambia, Fundi akasema.

— Alinikataza. Alisema ukijua utamrudisha kulala.

— Ningemrudisha, akasema.  Halafu akauliza: Zilikuwa nyingi? Siku hizo?

— Nyingi, mwanangu. Kuliko za beseni.

Akaokota kile kiatu cha kike, akakigeuzageuza, akakirudisha palepale.

— Lakini yeye alikuwa mtu, mama. Alijua anatapika kwa nini. Huyu nitamwelezaje?

 Nikaangalia makaa yangu.

King'ora akasema mvumilivu hula mbivu. Makadirio akamwuliza mbwa anakula mbivu gani. Profesa akasema simu yake inasema mbwa wana akili ya mtoto wa miaka miwili. King'ora akasema yeye anamjua mtu mzima hapo benchini hajafika miaka miwili. Sauti zikapanda, mpaka yule mwenye povu akatoka kinyozini kuja kusikiliza, povu limeshakauka. Huyu anasema bora apumzike, yule anasema kuishi ni haki. Makadirio amerudi kwenye ubao wake, sasa anataka uwe na bawaba gotini.

Katikati ya kelele hizo akaja mama mmoja wa miwani, mfanyakazi wa posta, amefuata viatu vyake. Akasimama anatutazama mmoja mmoja.

— Kuna nini? Nani anaumwa?

— Mbwa wa Fundi, akasema King'ora. Tunaamua kama apewe dawa.

— Pole, Fundi. Yuko wapi?

Swali jepesi. Tukainama wote pamoja kuangalia chini ya benchi. Gunia lilikuwepo. Kisigino hayupo.

Nimekaa kona ile miaka yangu yote na sijawahi kusikia benchi limenyamaza namna hiyo. Hakuna aliyemwona akitoka. Sisi wote tulikuwa tunamjadili yeye.

— Si alikuwa hapa?

— Alikuwa hapa lini?

— Mbwa wakitaka kufa huwa wanajitenga, akasema King'ora, kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo. Nikampiga teke la ndala.

Fundi alikuwa ameshasimama. Barabara ile inapita malori. Mbwa wa miguu mitatu, tangu akatwe hajavuka mtaro. Anaita, Kisigino, Kisigino, na sauti inakauka. Profesa akakimbia upande wa juu na mkasi mkononi. Makadirio akaangalia ndani ya pipa. Mimi magoti yangu hayakimbii, nikabaki na mama wa posta.

— Huwa mnamwitaje? akaniuliza.

Nikamwangalia Fundi.

— Gonga viatu, mwanangu.

Akanitazama kama hanijui. Halafu akavishika vile viatu vya kike vilivyokuwa mezani, akagonga soli kwa soli. Pa, pa. Kimya. Lori likapita. Akagonga tena, kwa nguvu, mpaka misumari ikaruka kwenye kopo lake. Pa, pa.

Geti la mchomeleaji likasukumwa chini, kwa pua. Akatoka Kisigino. Miguu mitatu, anadunda, kichwa kinapanda na kushuka, sikio linapepea, na mdomoni ana ndala ya mtu. Akapita katikati yetu bila kumtazama yeyote, akaenda moja kwa moja kwa mama wa posta, akamkalia juu ya mguu. Akainua kichwa apapaswe, ndala hajaitema.

Mama akampapasa.

— Mbona ulisema haamki tena? Makadirio akauliza, kichwa bado kina uchafu wa pipa.

Fundi alikuwa ameshikilia viatu vilevile viwili, hajui aviweke wapi.

— Sijagonga, akasema.

— Hujagonga nini?

— Tangu akatwe. Nilimwonea huruma. Nilikuwa nawapa watu viatu vyao kimyakimya, asije akahangaika kuamka.

Hakuna aliyemcheka. Na sisi tungecheka nini? Wiki tatu tumekaa juu ya mbwa yule, wenye akili wote, na hakuna hata mmoja wetu aliyesikia kuwa viatu havigongwi.

Mchomeleaji naye akatoka getini kutafuta ndala yake, anarukaruka kwa mguu mmoja asikanyage vyuma vya moto. Anarukaruka vibaya kuliko Kisigino.

Fundi akamvua mbwa ile ndala mdomoni, akamrushia mwenyewe. Akakaa kwenye kigoda. Akampa mama wa posta viatu vyake. Mama akavigeuza, akashusha miwani.

— Fundi, hiki umetia kisigino kipya. Hiki kingine hujakigusa.

Fundi akavitazama. Kweli. Asubuhi nzima alikuwa anapiga kiatu kimoja.

— Nisamehe, mama. Akili yangu haikuwepo.

— Si neno. Basi nivifuate kesho?

Fundi akaangalia saa. Akamwangalia Kisigino, ambaye alikuwa bado amekalia mguu wa watu kama amelipwa.

— Kesho nimefunga, akasema. Nina safari asubuhi. Njoo keshokutwa.

Profesa akarudisha simu mfukoni. King'ora akakohoa.

— Shemeji yangu ana pikapu, akasema. Nitawapeleka mimi. Taratibu, bila kelele.

— Wewe bila kelele?

— Nitajaribu.

Makadirio akaleta kikombe nimwongeze. Nikatikisa birika, halina kitu. Nikawaambia kahawa imekwisha, kila mtu aende kazini kwake, na yule mwenye povu akamaliziwe shavu. Wakaondoka.

Fundi akabaki, anaongea na daktari kwenye simu, anamwuliza mbwa ale au asile kabla ya kuja. Nami nikaingia ndani kwangu, nikatafuta beseni. Si la bluu. Ninalo moja jekundu, zima, halina ufa. Nikaliosha nikaliweka karibu na kigoda chake, juu yake nikafunika kikombe kimoja kitupu: beseni la siku za kwanza, kikombe cha siku ya nane, wiki ya pili ikianza.