Fantaye Anawaacha Wakimbiaji Wapite

Fantaye wangu anastaafu! Binti yangu wa kwanza, Fantaye Gudeta, mpiga picha za michezo wa gazeti lenu, anaweka kamera chini tarehe thelathini ya mwezi huu wa Nehase, baada ya miaka thelathini na sita ya kazi. Ananitangulia kustaafu mimi mama yake, ninayeuza shayiri sokoni mpaka leo! Haya, sasa ndiyo nawasalimu: hamjambo nyote wa gazetini? Mmeniomba niandike habari zake kwa jarida lenu. Niliishia darasa la nne, lakini kumsifia mwanangu hakutaki digrii.

Alianzia chumba cha giza cha kusafishia filamu, mikono inanuka dawa hata sikukuu. Akaomba apelekwe barabarani, kwenye mbio. Marehemu Gashe Mulatu, mkuu wa wapiga picha, Mungu amlaze pema, alimpa nafasi moja tu: mbio za Addis Ababa za mwaka ule. Picha zikitoka na ukungu, arudi chumbani kwake na asiombe tena.

Basi akaja nyumbani Bekoji na kamera ya kuazima, ili ajifunze. Mkimbiaji wa kujifunzia akawa nani? Mimi! Kamera za siku zile hazikujitafutia chochote. Mpiga picha alizungusha lenzi kwa vidole mpaka sura itakate. Fantaye akaweka jiwe njiani, akalilenga, akaniambia nikimbie mpaka pale.

Nilikimbia vizuri. Ila kila nikilikaribia jiwe nilisimama, nikaweka sawa netela yangu, shuka langu jeupe, mabegani, nikakaza uso. Ndivyo tulivyofundishwa kupigwa picha.

“Mama, usisimame!”

“Nipigwe picha mbio mbio kama mwizi? Majirani watasemaje?”

Gashe Mulatu alipoziona picha zile alicheka mpaka akakohoa. “Fantaye, nilikutaka ulete mtu anayekimbia. Huyu mama anasubiri picha ya kitambulisho!”

Fantaye akarudi nyumbani na filamu moja iliyobaki. Mara nikasikia, “Mama! Mbuzi kwenye shayiri!” Nilitoka hivyo hivyo, miguu mitupu, netela inapepea nyuma, nikakata shamba katikati. Jiwe sikulikumbuka. Mbuzi hawakuwepo, mtoto mwongo yule! Lakini kwa kuwa sikupita alipopanga, ilimbidi aning’ang’anie usoni, kiuno kinageuka pamoja nami, vidole vinazungusha lenzi taratibu kadiri ninavyosogea. Picha ilitoka safi, hata jino langu lililovunjika linaonekana.

Siku ya mbio mvua ikanyesha. Fantaye alikwisha kuchagua alama yake barabarani, kando ya mtaro. Mtaro ukafurika, na wakimbiaji wote wakahamia upande wa pili. Wenzake waliokuwa wamelenga mahali pamoja wakabaki wanapiga kelele, “Rudini huku, jamani!” Kama kwamba mtu anayewania ushindi atawasikiliza! Mwanangu akaiacha alama. Akamchagua Lelise, msichana aliyekuwa mbele, akamshika machoni tangu mbali, akageuka naye, akabonyeza bila kusimamisha kiuno. Barabara nyuma ikawa michirizi mitupu, lakini kope za Lelise na matone yake ungeweza kuyagusa. Ukurasa wa kwanza! Gashe Mulatu alisema maneno mawili tu: “Chumbani usirudi.”

Siku hizi kamera zinatafuta zenyewe. Vijana wenu wanalalamika zinadaka kofia ya askari aliyesimama mbele na kumwacha bingwa kwenye ukungu. Fantaye huwaambia, “Kamera haijui nani anashinda. Ionyeshe jicho lipi, kisha usiliache.” Amewafundisha wengi, na wengine sasa wanamzidi. Anasema hivyo yeye; mimi sikubali.

Ahsanteni wana gazeti. Nilimkabidhi kwenu akihofia kurudishwa gizani, nanyi mnanirudishia mwanamke ambaye bingwa akikata utepe humtafuta yeye kwanza. Fantaye, mwanangu, miguu yako ipumzike, macho yako yabaki makali, na Mungu akupe siku ndefu za kutazama watu wakipita bila kulazimika kuwakamata.

Wengine wote, msilete visingizio. Bia ya shayiri napika mwenyewe, kondoo nimekwisha kumchagua, na siku hiyo si ya mfungo. Njooni nyumbani kwangu Bekoji, na watoto wenu, Jumapili ya kwanza baada ya Meskel, sikukuu yetu ya Msalaba.