Historia ya Yoeli Kisioki na beringi mbili alizorudishiwa

Mchungaji, wazee wetu shikamooni, majirani wa Sakina na waombolezaji wote, mimi ni Nosim, dada mkubwa wa marehemu, na haya ninayosoma nimeyaandika mwenyewe, kwa sababu karatasi niliyopewa jana na kikao cha familia ilisema tu kwamba ndugu yetu alipata ajali, nami nikaona hiyo haitoshi.

Marehemu Yoeli Kisioki alizaliwa tarehe 14 Machi 1984 huko Ilkiding'a, chini ya Mlima Meru, akiwa mtoto wa tatu, akasoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1992 hadi 1998, na hakuendelea na sekondari kwa kuwa ng'ombe wa baba walihitaji mtu na mimi nilikuwa nimeshaolewa.

Mwaka 2007 alianza kuendesha bodaboda kijiwe cha Sakina, akaifanya kazi hiyo miaka kumi na minane bila kumwangusha abiria, maana alikuwa mtu wa kukagua, kila Jumapili baada ya ibada aliisimamisha pikipiki kwa stendi kubwa, akalishika tairi la nyuma kwa mikono miwili na kulitikisa kushoto na kulia, na likicheza hata kidogo haendi kazini. Tena kila kifaa kilichobadilishwa alidai arudishiwe cha zamani, akakitunza kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda, mpaka mkewe akamtania kwamba wanalala juu ya gereji.

Mke huyo ni Rachel, walifunga ndoa tarehe 17 Novemba 2012, wakajaliwa watoto wawili, Nalepo wa darasa la sita na Joyce wa darasa la kwanza, ambao mnawaona hapa mbele.

Tarehe 2 Agosti 2025 aligundua kwamba uma wa nyuma, ule unaoshika tairi, unacheza, akanunua beringi mbili mpya na kumpelekea Romanus, fundi wa Elerai, rafiki yake wa miaka kumi, na jioni akakabidhiwa pikipiki pamoja na beringi mbili za zamani zilizofungwa kwenye gazeti, akalitikisa tairi, likatulia, akashukuru. Jumanne tarehe 12, akitokea Moshono peke yake, pikipiki iliyumba nyuma kwenye kona ikamtupa mtaroni, akalazwa siku tisa, na siku aliyopata fahamu alimwambia Rachel mara mbili kwamba nyuma kulikuwa kunacheza, akafariki alfajiri ya tarehe 21.

Juzi tuliifungua pikipiki hiyo, mimi na fundi Eliasi, mbele ya mwenyekiti wa mtaa, tukakuta beringi zilezile zilizolika bado zimo ndani, zimezungushiwa kibati kilichokatwa kwenye kopo la rangi ili zibane, na grisi mpya imepakwa juu kuficha. Zile za kwenye gazeti tulizijaribu zikapwaya, hazikuwahi kuwa za pikipiki ya Yoeli, ziliokotwa tu chini ya benchi ili mtu anayedai kurudishiwa vifaa vyake arudishiwe kitu. Mpya zilikwenda wapi, anajua Romanus, na mimi nina hasira naye wala sitaificha kanisani wala makaburini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia siku zote tisa, majirani waliopika na kulala nasi msibani, madereva wenzake waliosimamisha kazi ili wamsindikize, na Eliasi aliyefungua boliti zile huku analia.

Kikao kilimpanga Romanus awe mmoja wa watu sita wa kubeba jeneza, naye amekuja, amevaa suti, amesimama pale karibu na spika. Asiliguse. Nafasi yake nitabeba mimi, na wazee mnisamehe kama haijawahi kuonekana mwanamke akifanya hivyo katika ukoo huu. Beringi zake nimeziweka hapa mezani, bado ziko kwenye gazeti lake, na jeneza halitanyanyuliwa kabla hajaja kuzichukua, watoto hawa wakimtazama.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu. Romanus, njoo.