Mroma Aliyemtunza Mama Yetu: Tunamuaga Mzee Theodori wa Kituo cha Hija

Mzee Theodori amekitunza kituo chetu cha hija cha Bikira Maria, huku juu ya Sanje, kwa miaka ishirini na tisa. Jumapili hii, tarehe 24 Agosti, anastaafu. Walioniambia niandike wasifu huu ni akina mama wanaopika na kuimba siku ya hija. Kamati ya hija nayo iliombwa, ikajibu kwamba ina majukumu mengi.

Aliajiriwa kama mlinzi. Baadaye akawa pia mfagiaji, fundi bomba, mpaka rangi na mpishi wa maharage, kwa sababu kila kazi iliyokosa mtu ilikuwa yake. Sanamu ya Mama aliiosha yeye, kwa kitambaa laini na maji ya uvuguvugu. Na Mzee Theodori si Mwanglikana kama sisi. Ni Mroma, yaani Mkatoliki, mzaliwa wa Mahenge, na kila Jumapili huteremka kwenda kusali kwao. Ndugu zake walimtania sana: "Theodori, hao Waanglikana wamekulisha nini?" Yeye akawajibu: "Wali maharage, ndugu yangu. Karibu."

Mwaka mmoja nyani alishuka kutoka msituni akaondoka na taji la sanamu. Kamati iliitisha kikao. Kikao kikaunda kamati ndogo. Kamati ndogo ilipokuwa bado inachagua katibu, Mzee Theodori alikuwa ukingoni mwa msitu na ndizi mbivu, akimbembeleza nyani kwa Kipogoro, lugha ya kwao. Taji lilirudi kabla ya chai. Taarifa ya mwaka ule inasema kamati ilifanikiwa kurejesha taji.

Ndiyo kamati yetu. Siku ya hija mahujaji hupanda kwa miguu kutoka barabara kuu, wengine pekupeku, wengine na watoto mgongoni, na vijana wamebeba sanamu kwenye machela. Wanakamati hupanda kwa gari mpaka kona ya mwisho. Hapo hushuka, hujipaka vumbi kwenye viatu, huingia kwenye maandamano wakihema, halafu huwapokea vijana machela na kuifikisha wao madhabahuni, kwa kuwa ni watu wazito. Uzito wenyewe nimeuona. Ni wa tumbo.

Miaka yote hiyo Mzee Theodori hakuwahi kuandamana, maana siku ya hija yuko jikoni. Mwaka huu, kwa kuwa ni wa mwisho, aliomba jambo moja tu: abebe mpini mmoja wa machela, kutoka kwenye kona mpaka madhabahuni. Mwenyekiti, Bwana Valentino, alimkatalia mbele za watu. "Wewe Mroma bwana. Ukibeba leo, kesho wenzako watasema kituo ni chao."

"Sawa, mwenyekiti," alisema Mzee, akarudi jikoni. Nilimwona akikoroga sufuria ambayo ilikuwa imeshaepuliwa.

Jumamosi iliyopita maandamano yalifika kwenye kona. Wanakamati walipoinamia machela, Mama Katarina, kiongozi wa waimbaji, alikata wimbo katikati na kukaa chini njiani. Akina mama wote wakakaa.

"Inukeni jamani, padri anasubiri," alisema Bwana Valentino.

"Asubiri. Mwiteni Theodori."

"Utaratibu hauruhusu, mama."

"Basi huo utaratibu uje uimbe," alisema Mama Katarina. "Ukimaliza kuimba, ukapakue na wali."

"Na masufuria uoshe!" mwingine akadakia.

Watu walicheka mpaka watoto wakaamka migongoni. Mwenyekiti aliwatazama wanakamati wenzake, na wote walikuwa wanatazama viatu vyao vya vumbi. Akaachia mpini.

Mzee Theodori alikuja mbio, masizi mpaka kwenye viwiko, akiomba kwanza anawe. "Utanawa ukifika, mzee wangu," Mama Katarina alimwambia, akasimama, akaanzisha wimbo upya.

Mzee ni mfupi kuliko wale watatu waliobaki. Kwa hiyo machela ilienda upande, na sanamu ikamwinamia yeye njia nzima. Mwanakamati mmoja alisema inyooshwe. Hakuna aliyemsikia, tulikuwa tunaimba.

Asante, Mzee Theodori. Shikamoo kutoka kwetu sote. Huko nyumbani kwako Kibaoni, unakokwenda kupumzika, tunakuombea magoti yasiyouma, usingizi mzuri, na miaka mingi isiyo na kamati.