Vidonge Nilivyoacha Kumpa Mume Wangu

Ndugu zangu wa usharika, amani iwe kwenu. Mimi ni mke wa mkulima wa Kishanda. Mmeniomba niseme, na nitasema hata yale yanayonitia aibu.

Mume wangu alianza kuvimba miguu msimu wa kuvuna kahawa. Akawa hawezi kutoka mlangoni hadi kwenye migomba bila kusimama avute pumzi. Hospitali walisema moyo wake umechoka, hausukumi damu vizuri, ndiyo maana maji yanajaa mwilini. Akalazwa, uvimbe ukaisha, tukapewa vidonge na karatasi ya Kiingereza, tukarudi nyumbani.

Vidonge vya kutoa maji vilimpeleka chooni kila mara, na choo chetu kiko nje, mteremkoni. Akaanguka mara mbili. Ya pili alipasuka juu ya jicho. Nikasema moyoni, dawa hii itamuua. Nikaacha kumpa. Yeye haoni vizuri, humeza ninachomwekea mkononi, hakujua. Na kwa kuwa chakula kilimshinda, nikawa nampikia ndizi kwa samaki wa chumvi, maana hicho ndicho chakula alichokipenda.

Akavimba tena. Tukarudi, wakamtoa maji, wakaongeza dawa. Nyumbani nikaziacha tena. Nilidhani ni ugonjwa tu unaendelea.

Mara ya tatu hakuweza hata kulala chali. Daktari alisimama miguuni pa kitanda akawaambia wanangu, "Dawa tumeongeza, hazimsaidii. Na umri umekwenda. Jiandaeni." Mimi hakunitazama. Wanangu wakatoka nje, nikawasikia dirishani wakishauriana wamzike upande gani wa kibanja chetu cha migomba.

Nawaambia, hapo ndipo nilipojua ni mimi. Mdomo ukakataa. Siku mbili nilikaa kimya nikimkanda miguu, kidole kikizama kama kwenye unga uliokandwa. Siku ya pili akaniambia, "Nisamehe, mama. Nimekuchosha." Yeye ndiye aliyeniomba msamaha.

Mchana huo muuguzi mmoja alivuta kiti, akakaa, akaniuliza kwa Kihaya, "Mama, nyumbani nani humpa dawa?"

"Mimi."

"Humpaje?"

Mara tatu tulilazwa, hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nikalia, nikasema yote: choo, kuanguka, samaki. Nilingoja anifokee.

Akasema, "Asante kwa kusema. Sasa tuna pa kuanzia."

Akamwita daktari, naye safari hii akaketi. Wakampa dawa upya, kidogo kidogo. Kidonge cha kutoa maji anywe asubuhi, ndoo yenye mfuniko iwe karibu na kitanda, chumvi itoke jikoni, maana hushikilia maji mwilini. Muuguzi akanichorea kila kidonge kwenye daftari, akanifundisha kumpima uzito kila asubuhi: ukipanda ghafla, tusingoje, twende.

Moyo wake haujapona, na wameniambia hautapona. Leo ameshindwa kuja. Lakini anafika kwenye migomba na kurudi, na tangu siku ile hajalazwa.

Namshukuru muuguzi yule. Nawashukuru wanangu, waliponisikia hawakunihukumu. Ninyi mnaofanya kazi wodini, nawaomba mzungumze na anayempikia mgonjwa. Na wewe unayeuguza mzee na umeficha jambo, kaliseme kliniki. Mimi nilikaa nalo siku mbili, na mume wangu alikuwa anazama ndani ya siku hizo.